Maswali na Majibu: Bango Usiloliomba, Ukutani na Mbele ya Nyumba

Maswali ya mabango na matangazo yamejaa tena, na mengi yanaishia palepale: "Naweza kuling'oa?" Kabla hujauliza hilo, uliza limesimama kwenye ardhi ya nani. Asiyejua bikoni zake, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zilipo hawezi kujibiwa na mtu yeyote.

Nimepanda nyasi nzuri mbele ya ukuta wangu. Juzi wamekuja watu wamechimbia nguzo ya chuma yenye kibao cha mshale kuelekeza shule ya chekechea. Hawakuniomba. Naweza kuing'oa? (Tabata, Dar es Salaam)

Kupanda nyasi hakukupi ardhi. Sehemu iliyo nje ya ukuta, mpaka kwenye lami au vumbi la barabara, mara nyingi ni hifadhi ya barabara, hata kama wewe ndiye unayeimwagilia kila jioni. Lakini mara nyingi si kila mara, kwa hiyo pima.

Toa ramani ya upimaji iliyoambatanishwa na hati yako. Tafuta bikoni mbili za upande wa mbele: ni zege dogo lililozama ardhini, lenye herufi na namba, na huenda limefunikwa na mchanga au hizo nyasi zako. Funga kamba iliyonyooka kutoka bikoni moja hadi nyingine. Kilicho ndani ya kamba ni chako, kilicho nje si chako. Usipime kwa kufuata ukuta. Mafundi wengi hujenga ukuta kwa kukadiria, na kosa la nusu mita ni la kawaida. Ukuta ukiwa umeingia ndani, una kipande cha ardhi nje ambacho hukijui. Ukiwa umetokeza nje, wewe mwenyewe ndiye uliyevamia, na si vizuri ukaanzisha ugomvi wa nguzo ukiwa kwenye hali hiyo.

Nguzo ikiwa ndani ya kamba, ipige picha ikionekana pamoja na nyumba yako. Waandikie wenye shule barua fupi, wape siku saba waiondoe, nakala mpelekee mtendaji wa mtaa aigonge muhuri. Zikipita, iondoe, lakini usiikate wala kuipeleka kwa wauza chuma chakavu. Iweke mahali pakavu na uwaarifu waje kuichukua. Ardhi ni yako, ila nguzo ni mali yao, na kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Ikiwa nje ya kamba, usiiguse. Mtaani inahusu TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na kwenye barabara kuu na za mkoa inahusu TANROADS, wakala wa barabara hizo. Wapelekee picha na uulize kama kibao hicho kina kibali. Vingi havina.

Wakati wa kung'oa, usivute kwa gari. Nguzo iliyomwagiwa zege huja na bonge zima, na pembezoni mwa barabara ndipo mabomba ya maji na nyaya za simu zinapopita, tena zikiwa karibu na uso wa ardhi. Chimba kwa mkono kuzunguka zege, mwaga maji, iache usiku mmoja, kisha itikise taratibu.

Na tafadhali, hili nimelirudia sana: si kila kijiti cha zege ni bango la mtu. Kuna wanaong'oa bikoni wakidhani ni uchafu, na kuna wanaong'oa alama za mabomba ya gesi, maji na nyaya za mkongo wa mawasiliano. Kung'oa bikoni ni kosa kisheria, na kuirudisha kunataka mpima ardhi mwenye leseni. Hiyo si kazi ya fundi ujenzi.

Geti langu limejaa karatasi za waganga, nguvu za kiume, fundi dishi na vyumba vya kupanga. Nikibandua rangi inatoka. (Mbagala)

Rangi inatoka kwa sababu unabandua karatasi ikiwa kavu, tena jua likiwa kali. Nyingi hubandikwa kwa uji wa unga wa ngano au wa muhogo, na gundi hiyo huyeyuka kwa maji. Chukua lita tano za maji ya uvuguvugu na vijiko viwili vya sabuni ya unga. Lowesha karatasi kwa sponji asubuhi kabla ya jua au jioni, funika kwa gunia au kitambaa kibichi, subiri dakika 20. Sukuma kwa skrepa ya plastiki kuanzia juu kwenda chini. Karatasi ikigoma, usiongeze nguvu, ongeza maji na muda. Mwisho osha utelezi wote, kwa sababu uji ukibaki unaota ukungu mweusi, na karatasi ya kesho inashika hapo vizuri zaidi.

Stika zenye gundi yake ni habari nyingine. Zipake mafuta ya kupikia, ziache saa moja, bandua kwa ukucha au kadi ya plastiki. Gundi inayobaki iondoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni. Usitumie thina. Thina haichagui: inaondoa gundi pamoja na rangi ya geti, na baada ya mvua mbili utaona kutu.

Kuhusu waganga wenyewe: tiba asili inasimamiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na mganga anatakiwa asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Karatasi isiyo na jina kamili, isiyotaja anapofanyia kazi, yenye namba ya simu tu, haikupi sababu yoyote ya kuamini kwamba aliyeibandika amesajiliwa. Watoto wa nyumbani waambieni wasipige namba hizo. Ukianza kupokea ujumbe wa kuombwa pesa, upeleke kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Namba yake ipo pale pale kwenye karatasi. Nimpigie nimtukane?

Hapana. Matusi kwa simu ni kosa, na ushahidi utakuwa nao yeye. Mtumie picha ya karatasi na maneno mawili: "Njoo utoe."

Nimetoka kazini nimekuta ukutani wamepuliza kwa rangi nyekundu NYUMBA INAUZWA na namba ya simu nisiyoijua. Siuzi nyumba. Nimepaka rangi juu yake siku hiyohiyo. Kuna la ziada? (Kibamba)

La ziada ndilo kubwa, na umefuta ushahidi kabla ya kuupiga picha. Natumaini jirani yako mmoja ameupiga. Muulize leo.

Maandishi kama hayo huwa na chanzo kimoja kati ya vinne. Dalali amekosea nyumba. Tapeli anaonyesha wateja nyumba yako ukiwa kazini na kuchukua pesa ya awali. Ndugu katika familia anauza bila wenzake kujua. Au nyumba iliwekwa rehani mahali na mkopo haujalipwa. Ukifuta ukaenda kulala hujui ni kipi kati ya hivyo.

Mwombe mtu usiyeishi naye apige ile namba kama mnunuzi. Aulize mambo matatu: bei, jina la muuzaji, na hati iko kwa nani. Asibishane, asitaje jina lako, aandike majibu. Nenda serikali ya mtaa, andika taarifa kwamba nyumba haiuzwi, ipate muhuri. Nenda polisi upate RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Kisha nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi rasmi ukiwa na namba ya kiwanja, kitalu na hati. Ukikuta rehani au maombi ya uhamisho usiyoyajua, utakuwa umeyawahi. Ukiwa na sababu ya kuhofia, weka zuio hapohapo kwenye daftari la ardhi, ili muamala usiandikishwe kimyakimya.

Kama eneo halijapimwa na huna hati, basi daftari lako ni watu. Mauziano ya huko hushuhudiwa na mwenyekiti na majirani, kwa hiyo hao ndio wa kuwapa barua, kila mmoja nakala yake. Ikiwa nyumba ni ya marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa kwanza hakumpi mtu mamlaka hayo. Na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kabla haijawekwa rehani. Kina mama, msisaini fomu za benki mlizowekewa mezani bila kuzisoma.

Wengi mnauliza kama kuandika NYUMBA HII HAIUZWI kunatosha. Andikeni, kunamshtua mnunuzi anayekuja kuiona. Lakini tapeli hodari hamleti mnunuzi kuona ukuta, anampelekea picha za zamani. Na benki haisomi ukuta.

Je, kama ni karatasi ya mnada wa mahakama?

Usiibandue. Nakili namba ya shauri, jina la mahakama, jina la dalali na tarehe ya mnada, kisha nenda mahakamani au kwa wakili asubuhi inayofuata. Kuibandua hakusimamishi mnada hata kwa saa moja.

Nyumba yangu imepigwa X nyekundu, ya jirani X ya kijani. Fundi anasema niifute kwa brashi ya waya. (Kandokando ya barabara kuu)

Mfukuze fundi huyo. Ile X ni alama tu ya nyumba iliyo kwenye hifadhi ya barabara, uamuzi wenyewe umo kwenye vitabu vya TANROADS pamoja na vipimo na picha. Ukiifuta umeonekana mkaidi na hujapata kitu.

Sikiliza tofauti ya rangi. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaipanua hadi mita 30. Aliye ndani ya 22.5 huhesabiwa mvamizi na hupigwa nyekundu bila fidia. Aliyekutwa kihalali kati ya 22.5 na 30 hupigwa kijani, na ana haki ya kufidiwa kabla ya kuondolewa. Kwa hiyo tafuta tepu ndefu, pima kutoka katikati ya barabara hadi ukuta wako, mkiwa watu wawili, mbele ya mjumbe. Ikiwa una nyekundu na kipimo chako ni mita 24, una hoja: iandike, ambatanisha hati, ipeleke TANROADS mkoa, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Tahadhari moja. Ziko barabara zenye hifadhi pana kuliko hiyo kwa sheria za zamani. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya ni mojawapo, na bomoabomoa ya 2017 iliwakuta watu wakiwa mbali sana na mita 22.5. Uliza hifadhi ya barabara yako, usikopi ya mwenzako.

Wakati wa kampeni wamebandika picha za mgombea ukuta mzima. Nizichane? (Mwanza)

Usichane hadharani, hata ukuta ukiwa wako. Anayekuona hajui kama unasafisha au unahujumu chama, na maadili ya uchaguzi yanakataza vyama kuharibiana matangazo. Piga picha, nenda kwa katibu wa tawi wa chama hicho, mwombe alete vijana wao wabandue. Fanya vivyo hivyo kwa kila chama bila kuchagua, na majirani wakuone unafanya hivyo.

Nimepaka rangi ya maji mara tatu juu ya maandishi ya kupuliza, bado yanatokeza. (Arusha)

Hata ukipaka mara kumi yatatokeza. Rangi ya kupuliza, hasa nyekundu na nyeusi, huyeyuka kidogo na kupenya rangi ya maji. Piga msasa wa kati mpaka mng'ao upotee, futa vumbi, paka andakoti ya mafuta (rangi ya chini ya kutangulia) mkono mmoja, uiache ikauke saa 24, ndipo upake rangi yako ya nje mikono miwili. Paka kipande kizima cha ukuta, kutoka nguzo hadi nguzo. Ukipaka mstatili juu ya maneno tu, unamwachia mwandishi mwingine ubao mpya wa kuandikia. Kwenye plasta isiyopakwa rangi, usimwage thina: inaisukuma rangi ndani ya vitundu vya saruji. Tumia brashi ya waya na maji.

Na sisi wa Mji Mkongwe, Zanzibar?

Hayo ya juu ya kusafisha na kupaka ukuta yasahau. Kuta zenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua: unyevu na chumvi vinatoka kupitia plasta. Ukifunika tangazo kwa andakoti ya mafuta au plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, na baada ya misimu michache ukuta unabanduka kwa mapande. Karatasi lowesha kwa maji matupu. Maandishi yasugue kwa brashi ya nyuzi, na brashi ya waya usiiguse, kisha paka chokaa nyembamba mikono mitatu au minne, ukilowesha ukuta kabla ya kila mkono. Kwa kazi kubwa zaidi ya hiyo, pitia kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Nifanye nini wasirudi?

Toa karatasi ndani ya siku moja, kwani moja inaita kumi. Ukuta laini wa mbele ufanye uwe na chengachenga, uji haushiki vizuri hapo. Panda bogonvilia umbali wa nusu mita kutoka ukutani, si kwenye msingi kabisa. Weka taa. Maneno USIBANDIKE MATANGAZO yaandike mara moja, kwa herufi ndogo karibu na geti; kuna watu wamejaza ukuta mzima onyo hilo mpaka nyumba inatisha kuliko ilipokuwa na karatasi. Na kwenye mkutano wa mtaa ujao, ombeni ubao wa matangazo nje ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mbao mbili za plaiwudi, nguzo mbili na kibati cha juu vinatosha, na fundi dishi atapata pa kuweka namba yake.