Kusikiliza hewa tumboni hakutoshi
Mama uliyeuliza kama inatosha kusukuma hewa kwenye mpira wa puani (wa kulishia, unaopita puani hadi tumboni) na kusikiliza tumboni kabla ya kumlisha mtoto: hapana, nakusihi usitegemee hilo. Sauti inaweza kusikika hata mpira ukiwa umeingia kwenye mapafu. Vuta majimaji kidogo kutoka kwenye mpira kwa bomba la sindano, uyapime kwa karatasi ya pH (inayoonyesha kiwango cha asidi), 5.5 au chini ndiyo salama. Hakikisha pia alama ya mpira pale puani haijasogea. Majimaji yasipotoka, mlaze ubavu wa kushoto, subiri kidogo, vuta tena. Bado huna uhakika? Usimpe chochote, hata maji. Mpigie nesi wenu. Akikohoa sana au midomo ikibadilika rangi wakati wa kulishwa, acha palepale, mkimbize hospitali.