Vitabu vitatu nilivyovimalizia nyuma ya kaunta

Mleta mada kauliza tumemaliza vitabu gani karibuni, tuseme ukweli bila kujifanya wasomi. Mimi ni muuza duka, Tandika. Nasoma mchana wateja wakipungua, na tangu masika nimemaliza vitatu.

Iliyonikamata ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Alipopata Nobel 2021 niliianza kwa Kiingereza, nikaishia njiani. Safari hii nimesoma tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na kuna watu wamerudishiwa chenji pungufu kwa sababu yake. Yusuf ana miaka 12. Tajiri Aziz akija kwao, kabla hajaondoka humpa sarafu, na mtoto anaingoja hiyo sarafu kwa hamu. Kumbe baba anadaiwa. Siku moja Yusuf anapandishwa treni na Aziz, anadhani anakwenda kutembea tu, anajikuta dukani anauza pamoja na Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani kwa deni. Khalil ndiye anayemfungua macho: yule si ndugu yako, mwite Seyyid, yaani bwana.

Hapo nilikifunga kitabu, nikatazama daftari langu la madeni. Kuna mama ananidai... hapana, mimi ndiye ninayemdai, elfu 38 za unga na sukari. Kila jioni anamtuma mwanawe, maana mtoto ni vigumu kumkatalia. Huwa nampa pipi bure. Siku hizi nikimpa ile pipi mkono unakuwa mzito.

Ule msafara wa biashara wa Aziz kwenda bara lakini ulinichosha. Mizigo, hongo kwa watawala, magonjwa, hongo tena. Mpaka walipofika kwa mtawala Chatu ndipo nikakaa sawa.

Kusadikika cha Shaaban Robert nilikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, nikasema nikirudie kwa raha. Majivuno akishtaki barazani, Karama akijitetea, hapo patamu. Ila wale wajumbe sita anaowasimulia Karama! Kila mmoja anakwenda, anarudi na jambo la heri, anafungwa. Wa tatu nikaanza kuruka kurasa. Wazee mnisamehe.

Rosa Mistika ya Kezilahabi niliimaliza siku mbili tu. Zakaria anavyompiga binti yake kwa barua ya mvulana, huku yeye mwenyewe ni mlevi, nilitamani kuingia mle ndani. Ile kesi ya mbinguni mwishoni haikunikaa.

Mwenye riwaya ya Utengano ya kuazimisha, akiwa pande za Temeke, anishtue. Nitairudisha.