Maswali na Majibu: Wewe Unacheza Kopa au Pau?

"Mkuu, staili gani ya kucheza gemu ndiyo bora?" (Wengi, kila wiki)

Bora kwa gemu gani, na unatafuta nini humo ndani? Swali hili ni kama kuingia dukani Kariakoo ukauliza "bei gani?" bila kushika kitu. Mwaka 1996 Mwingereza Richard Bartle aliandika kuhusu watu waliokuwa wakicheza pamoja mtandaoni michezo ya maandishi matupu, akawagawa kwa karata. Uru wanawinda pointi na hazina. Shupaza ni wachimbaji, lazima wajue kila kona ina nini. Kopa wamekuja kupiga soga na wenzao. Pau wamekuja kumtesa mtu. Chagua karata yako kwanza, ndipo uniandikie. Kwenye vibanda vyetu vya gemu kila mtu anajiita uru, ila ukikaa dakika tano unaona pau tupu.

"Kibandani kwetu Manzese kuna dogo anapaki basi (anajaza watu nyuma) kwenye FC, gemu ya mpira, anatoka na moja bila kila siku. Huo ni mpira kweli?"

Ni mpira, tena wa akili. Kama sheria yenu ni anayefungwa anaachia pedi, kwa nini afunguke? Mkilipia kwa muda badala ya mechi, mtaona anavyobadilika.

Wewe unakosea sehemu mbili. Kwanza, unalazimisha pasi ya pembetatu, ile ya kupenyeza, katikati ya watu sita (batani zote hapa ni za pedi ya PlayStation). Haipiti. Piga pasi fupi za X, peleka mpira winga ya kulia, urudishe, uhamishie kushoto, mpaka beki mmoja atoke kwenye mstari kukufuata. Nafasi aliyoiacha ndiyo ya kuingia. Asipotoka mtu, jaribu R1 na duara ukiwa ukingoni mwa boksi, kwa mguu wenye nguvu wa mchezaji, mpira uzunguke kwenda nguzo ya mbali.

Pili, unagonga L1 kama unapiga ngoma. L1 inamtuma mwenzako akimbie mbele. Ukiigonga mara tano, mabeki wa pembeni wote wako juu, ukinyang'anywa mpira hakuna mtu nyuma. Goli lake moja linazaliwa hapo. Na anapokuja, usishike R1 moja kwa moja ukimwachia mwenzako kazi ya kukaba, maana kufika dakika ya 70 atakuwa hana pumzi. Shika L2, simama kati ya mpira na goli, na duara ubonyeze pale tu mpira unapomtoka mguuni. Pira biriani bila kujua kukaba ni sahani tupu.

"Nikimchukua Eddy kwenye Tekken, gemu ya ngumi na mateke, nabonyeza batani zozote na nashinda. Wananitukana."

Wamejitakia. Eddy alikuja na Tekken 3 mwaka 1997, na mateke yake ya kapoeira, mapigano ya Brazil, yanaungana hata ukibonyeza kwa kiwiko. Siku utakayokutana na anayekaba chini kwa subira, akapiga mara moja baada ya kila teke ulilokosa, hutakuwa na la kufanya.

"GTA San Andreas yangu imegoma. Yule rapa Madd Dogg anajirusha ghorofani kabla sijasogeza gari. Kopi mbovu?"

Kopi nzima, mbovu ni chiti zako, yaani kodi za siri unazoingiza kubadili gemu. Misheni hiyo inataka uweke gari lenye maboksi chini yake mpaka aanguke salama. Ukiwa umewasha chiti zinazovuruga watu wa mtaani, zile za kuwapa fujo au silaha, kisha ukasevu, fujo inabaki ndani ya sevu yako na jamaa anaruka papo hapo. Kuingiza tena kodi ileile mara nyingi hakusaidii. Rudi kwenye sevu ya kabla ya chiti. Huna? Anza upya. Gemu inakupa nafasi 8 za kusevu: moja iwe safi daima, na ukitaka kifaru na fujo, fungua sevu, chezea, zima bila kusevu.

Na kama wewe ni shupaza, gemu hiyo ina kazi isiyohitaji kodi hata moja: michoro 100 ya ukutani Los Santos, picha 50 San Fierro, viatu vya farasi 50 Las Venturas, na chaza 50 majini. Ukimaliza michoro, nyumba ya familia yako inakuwa na silaha za bure. Wanaoishi kwa daftari la chiti hawajawahi kuziona.

"Kwenye PUBG, ile gemu ya risasi mpaka abaki mmoja, najificha mpaka kumi bora, lakini sijawahi kuwa wa kwanza. Nikaze tu?"

Ukikaza hivyohivyo utazeeka namba tano. Kujificha kunakupa pointi za nafasi, ila unafika duara la mwisho bila kujua bunduki yako inaruka vipi. Tua pembeni ya mji badala ya katikati, kusanya mpaka upate vesti ya levo ya pili na mabomu ya moshi matatu, kisha hama mapema, kabla ukuta wa bluu, ule unaobana uwanja na kuumiza, haujakusukuma. Mwisho huwa uwanja wazi, na moshi ndio ukuta wako. Vaa hedifoni, nyayo zinasikika. Na usiulaumu mtandao: bando halikulazi kichakani.

"Pedi inasogeza mchezaji peke yake."

Si staili hiyo, ni stiki imechakaa. Ongeza dedizoni (eneo la katikati ambalo stiki ikisogea gemu haijali) kwenye seti za gemu kama ipo, au mpelekee fundi.

"Mwanangu ana miaka 10, kwenye Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga kwa matofali, anachimba tu, hamalizi hata nyumba. Anapoteza muda?"

Hapana mama, una shupaza ndani. Usimhamishie Creative ili ajenge, huko kila kitu ni bure na raha ya kuvumbua inakufa. Mwache Survival, ya kujitafutia kila kitu; kama mazimwi ya usiku yanamtisha, weka Peaceful, yasitokee. Kabla ya hapo ingia kwenye seti za dunia yake, zima Multiplayer, asije akaongea na watu usiowajua. Almasi zimejaa kina cha -59 (namba ya Y kwenye gemu), na mwambie asichimbe chini ya miguu yake mwenyewe, maana huko kuna lava.