Kiwango cha Mahakama ya Kaunti Kikipanda, Ada Huenda Wapi?

Swali: Florida, Marekani, ilipandisha ukomo wa thamani ya madai yanayosikilizwa katika mahakama za kaunti kutoka dola 15,000 hadi 30,000 mwaka 2020, kisha 50,000 mwaka 2023. Je, mapato ya ada hayakupungua?

Jibu: Yangepungua, ndugu msomaji. Kabla ya 2020, dai la dola 20,000 lilifunguliwa mahakama iliyo juu ya ile ya kaunti kwa ada ya hadi dola 395. Ada ya kaunti iliishia 295. Kesi 100 zikihama, pengo ni dola 10,000. Lakini Bunge, kwa busara, lilibakiza ada ya 395 kwa madai yanayozidi 15,000, hata yakifunguliwa mahakama ya kaunti.

Usisahau gharama: mshahara wa jaji hulipwa na jimbo, lakini jengo na ulinzi ni mzigo wa kaunti. Hesabu kwanza kesi zitakazohama, ndipo uulize kama vyumba vinatosha.