Kufunga paneli juu ya bati bila kuleta uvujaji

Ndugu, umeuliza kama skrubu za bati zinatosha kushika reli za paneli zako mbili za sola za wati 400. Hazitoshi. Bati lenyewe halibebi upepo, mbao ndiyo inayobeba. Fuata mstari wa misumari ya bati utajua papi, yaani mbao zilizo chini ya bati, zilipo.

Tumia bolti za M10 za chuma kisichoshika kutu, zenye meno ya mbao upande mmoja na nati upande wa pili. Reli mbili, kila moja bolti tatu, jumla sita. Toboa kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni maji yanakopita: milimita 12 kwenye bati, 7 kwenye mbao. Kaza mpaka raba ya bolti, ile inayoziba tundu, ianze kutuna kidogo pembeni, basi. Ukizidisha, mgongo unabonyea, raba inapasuka, na mvua ya kwanza inaingia. Silikoni inayonuka siki iache, inakula zinki.

Fagia chenga za chuma siku hiyohiyo, zinashika kutu na kutoboa rangi. Chini ya paneli acha sentimita 10 za hewa.