Nusu lita na nusu lita, mbona hazitimii lita moja?

SWALI: Nafanya kazi kwenye maabara ya mafuta. Nimechanganya mililita 500 za petroli na 500 za dizeli, silinda ya kupimia ujazo ikasoma 991. Je, mafuta yamebanana kiasi hicho? Nipimeje kwa uhakika?

JIBU: Kubanana kupo, ila hakufiki huko. Petroli na dizeli za kawaida zikichanganywa nusu kwa nusu, lita hupungua kwa mililita moja hivi, au chini yake. Silinda ya lita moja, hata ikiwa ya daraja A (la usahihi wa juu), inaruhusiwa kukosea mililita 5 juu au chini, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha badiliko hilo. Hizo 9 zako tafuta kwingine: petroli iliyopotea kama mvuke, dizeli iliyong'ang'ania kwenye silinda uliyoipimia kabla ya kuchanganya, na joto. Petroli hutanuka takriban mililita 1 kwa lita kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi.

Tumia mizani, kwa sababu masi haibadiliki kwa kuchanganya. Pima kwanza densiti (gramu katika kila mililita) ya kila mafuta kwenye nyuzi 20. Kisha pima chupa tupu yenye kizibo, mimina dizeli, pima. Ongeza petroli, funga upesi, pima tena. Chupa ikaribie kujaa, maana hewa ikiwa nyingi humo ndani petroli itageuka mvuke. Ipindue taratibu mpaka ichanganyike, irudishe kwenye nyuzi 20, ndipo upime densiti ya mchanganyiko.

Tuseme una gramu 370 za petroli yenye densiti 0.7400 na gramu 420 za dizeli yenye 0.8400. Kila moja ni mililita 500. Kama hakuna kilichobadilika, mchanganyiko utasoma 0.7900. Ukisoma 0.7906, gawanya 790 kwa 0.7906: unapata 999.24, yaani pungufu ya mililita 0.76. Tofauti yote iko kwenye tarakimu ya nne, ndiyo maana haidromita ya kawaida, kile kipimo cha densiti kinachoelea, haikufai. Tafuta mashine ya densiti ya kidijitali, au piknomita (kichupa cha ujazo maalumu cha kupimia densiti) na subira.

Na usitegemee kupungua kila mara. Benzini safi (kemikali, si petroli) na saikloheksani, kimiminika kingine cha jamii hiyo, nusu kwa nusu, huongezeka karibu mililita 6 kwa lita. Upungufu mkubwa utauona pale mafuta mepesi sana yanapoingizwa kwenye mafuta ghafi mazito: huko asilimia 0.4 si ajabu, na kwenye mapipa 10,000 hayo ni mapipa 40 ambayo hayajaibiwa na mtu.