Re: Guru Dutt aliacha kuongoza kwa sababu gani?
Mkuu umeuliza kwa nini Guru Dutt, yule dairekta na mwigizaji wa muvi za Kihindi, hakuongoza tena baada ya Kaagaz Ke Phool. Jibu fupi ni kwamba ile muvi ya 1959 ilianguka vibaya sana, ikamuumiza, na baada ya hapo jina lake halikuonekana tena kama dairekta, ila kuprodyuzi na kuigiza aliendelea.

Jamaa kazaliwa Bangalore 1925, akasomea dansi kwa mcheza dansi maarufu Uday Shankar kule Almora, ndo maana nyimbo zake kamera inatembea kama inacheza vile. Kisha akaenda Pune, studio za muvi za Prabhat, na hapo dobi akachanganya mashati, mwigizaji Dev Anand akakuta Guru kavaa shati lake, wakawa marafiki wakaahidiana kwamba Dev akianza kuprodyuzi atampa Guru kazi ya kuongoza, na kweli 1951 akampa muvi ya Baazi.

Sasa hiyo Kaagaz Ke Phool iliyoanguka, iangalie kwa utulivu. Ndo muvi ya kwanza ya India kupigwa kwa sinemaskopu, yaani picha pana sana, na kuna ule mwali wa mwanga unaoshuka ndani ya studio tupu, mpiga picha V.K. Murthy aliupata kwa vioo viwili vikubwa, kimoja nje kinadaka jua, kingine ndani kinalielekeza chini. Mimi pale huwa nasimamisha narudia. Watu wa wakati ule hawakuielewa kabisa, inauma kwa kweli, maana alifariki Oktoba 1964 akiwa na miaka 39 tu, heshima ya hiyo muvi ikaja baadaye.

Ila kabla ya hiyo, anza na muvi yake Pyaasa ya 1957.